Wahariri, majaji, maabara au wasomaji? Njia nne za kuteua bidhaa za teknolojia za mwaka

Jarida la fani likiamua kutoa tuzo za mwaka kwa bidhaa za teknolojia, kikao cha kwanza huishia kwenye majina ya vipengele na sura ya nembo. Hayo yangeweza kungoja. Heshima ya tuzo hutegemea nani anayeteua na kwa ushahidi gani, na hapo majarida hugawanyika njia nne: wahariri wenyewe, jopo la majaji linalopokea maombi, vipimo vya maabara, na kura za wasomaji. Zote zinatumika na zote zimewahi kuzaa tuzo nzuri. Ila kila moja ina kosa lake la kudumu, lisilotibika kwa nia njema peke yake, na anayechagua njia huwa anachagua kosa atakalomudu kulisimamia.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza ni swali ambalo tuzo inajibu. "Yenye ubunifu zaidi", "bora ya kununua" na "inayopendwa zaidi" ni maswali matatu tofauti, na ni nadra bidhaa moja kushinda yote matatu. Cha pili ni upana wa uwanja: kati ya bidhaa zilizotoka mwaka huo, ngapi zina nafasi ya kweli ya kushinda? Cha tatu ni ushahidi: aliyepiga kura aliishika bidhaa, aliipima, au alisoma maelezo tu? Cha nne ni umbali kati ya uteuzi na pesa, iwe ya matangazo, ya ada au ya leseni ya nembo. Cha tano ni kazi, yaani saa za watu na gharama za vifaa. Cha mwisho hakiandikwi mara nyingi lakini ndicho kinachouma: mtengenezaji aliyeachwa akiandika barua kudai maelezo, utamwonyesha nini?

Kuna jambo moja linalozihusu njia zote nne, nalo ni tarehe. Toleo la Januari hufungwa wiki kadhaa kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo dirisha la bidhaa zinazostahili haliwezi kufuata kalenda. Dirisha la 1 Oktoba hadi 30 Septemba hufanya kazi vizuri, mradi bidhaa ya Novemba iingie moja kwa moja mwaka unaofuata badala ya kupotea katikati. Fafanua pia maana ya "imetoka": mnunuzi wa kawaida anaweza kuiagiza na ikamfikia. Kuonekana kwenye maonyesho hakutoshi.

Weka na muda wa chini wa kuwa sokoni. Samsung Galaxy Note 7 ilianza kuuzwa 19 Agosti 2016 na wapitiaji wengi wakaisifu. Tarehe 2 Septemba Samsung ikatangaza kuirudisha kiwandani kwa sababu ya betri zilizoshika moto, na 11 Oktoba ikatangaza kusimamisha kabisa uzalishaji wake. Kwa dirisha la juu hapo, simu hiyo ilikuwa na kila haki ya kushindania tuzo. Sharti la siku 60 sokoni kabla ya kikao cha mwisho, pamoja na kifungu cha kumwondoa mteule hadi siku ya kuchapa, lingelikinga jarida.

Njia ya 1: Wahariri wateue kutokana na walizozipitia

*Inavyokwenda.* Uwanja ni bidhaa ambazo jarida lenyewe limezifanyia mapitio ndani ya dirisha. Jarida la vifaa vya sauti la Stereophile, ambalo tuzo yake ya bidhaa ya mwaka ilianza 1992, hufuata msingi huo: kisichopitiwa kurasani mwake hakishindani. Kazi ya kweli huanza mwezi wa kwanza wa dirisha, kwenye lahajedwali moja inayojazwa siku kila pitio linapotoka. Iwe na jina na toleo la bidhaa, bei ya siku hiyo, alama, jina la mpitiaji, sampuli ilikotoka, na kasoro zilizoonekana. Dirisha likifungwa, kila mhariri hutaja bidhaa zisizozidi tatu kwa kila kipengele na kuzitetea kwa aya moja ya maandishi. Orodha hupunguzwa hadi tano, kisha hizo tano hurudi mezani zikiwa na masasisho yote yaliyotoka tangu zilipopitiwa. Kura ya kwanza ya siri hupigwa kabla ya majadiliano. Mjadala ukitangulia, anayeongea kwa ujasiri zaidi huwa ameshapiga kura za watu watatu.

*Gharama na muda.* Ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi imeshalipwa na mapitio ya mwaka mzima. Marudio ya mwisho huhitaji wiki mbili hadi tatu.

*Inapoharibika.* Kasoro ya kwanza ni kumbukumbu. Bidhaa ya Septemba ingali mezani na inazungumzwa. Ya Novemba iliyopita ilisharudishwa kwa mtengenezaji na mpitiaji wake pengine ameshahama. Ndiyo maana ya lahajedwali, na ndiyo sababu ya kuazima upya bidhaa zote tano, si zile mpya tu. Kasoro ya pili ni mashimo: bidhaa ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuipitia haipo, hata kama ndiyo bora. Mwezi mmoja kabla ya dirisha kufungwa, orodhesha bidhaa zote za kipengele hicho zilizo sokoni na uhesabu ulizozikosa. Ukiona umekosa zaidi ya nusu, badili jina la tuzo liseme wazi kwamba ni chaguo la wahariri kati ya walizozipitia.

Kasoro ya tatu ni mwenye jarida. Januari 2013 wahariri wa tovuti ya teknolojia ya CNET, waliokuwa wakiendesha tuzo rasmi za maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya CES, walikipa kura ya kuwa bora kuliko vyote kinasa televisheni cha Hopper with Sling cha kampuni ya Dish. Kampuni ya televisheni ya CBS, iliyokuwa ikiimiliki CNET, ilikuwa mahakamani na Dish kuhusu kifaa hichohicho na uwezo wake wa kuruka matangazo ya biashara, ikaamuru kiondolewe. Mwandishi wa CNET, Greg Sandoval, akajiuzulu. Waandaaji wa CES wakavunja mpango wao wa tuzo na CNET na kukitangaza Hopper kuwa mshindi wa pamoja. Sharti la kuondoa bidhaa za kampuni zinazoshtakiana na mwenye jarida linaweza kujadiliwa. Kulileta baada ya kura hakuteteeki. Orodha ya kesi, hisa na ubia wa mmiliki iwe mezani kabla ya mapendekezo ya kwanza.

*Inamfaa nani.* Jarida linalopitia sehemu kubwa ya bidhaa za uwanja wake, lenye wapitiaji watano au zaidi wanaobaki kazini mwaka mzima.

Njia ya 2: Wito wa maombi na jopo la majaji

*Inavyokwenda.* Jarida hutangaza vipengele, watengenezaji hujaza fomu na kuambatisha ushahidi, mara nyingi wakilipa ada, na majaji wa nje hutoa alama. Mfano wa muda mrefu ni tuzo ya R&D 100, iliyoanzishwa na jarida la Industrial Research mwaka 1963, ambamo wataalamu huru huhukumu teknolojia zilizoingia sokoni karibuni. Njia hii hufika mahali ambapo wahariri hawafiki: kipima kemikali cha maabara, mtambo wa kiwandani au programu ya benki havitumwi ofisini kwa wiki mbili.

Fomu nzuri huuliza mambo machache na kuyabana. Bidhaa inafanya nini ambacho toleo la awali au mshindani hafanyi? Kipimo gani kinathibitisha, na nani alikipima? Wateja wangapi wanaitumia leo, na wawili gani jarida linaweza kuwapigia simu? Jibu lisizidi maneno 300. Fomu isiyo na kikomo humpa ushindi aliyeajiri mwandishi.

*Gharama na muda.* Hesabu miezi minne hadi mitano: wiki sita hadi nane za kupokea, wiki mbili za kukagua sifa, wiki nne za majaji, kikao, na muda wa kuhakikisha madai ya washindi. Wengi husahau mzigo wa jaji. Maombi 40 kwa dakika 20 kila moja ni zaidi ya saa 13, na mtu anayefanya hivyo bure, usiku, ataanza kusoma ukurasa wa kwanza tu. Mpe kila jaji maombi yasiyozidi 15, na hakikisha kila ombi linasomwa na watu watatu.

*Inapoharibika.* Penye ada, vipengele huzaana. Kila kipengele kipya huleta walipaji wapya, na baada ya miaka michache tuzo ina washindi 60 wasiokumbukwa na mtu. Kanuni inayozuia hilo ni fupi: kipengele chenye maombi yasiyofika matano huunganishwa na kingine, au hakitolewi. Ada pia huwafungia nje wadogo, kwa hiyo wape wahariri haki ya kuingiza bidhaa kadhaa bila ada, na majaji wasijue ni zipi.

Mgongano wa maslahi huulizwa vibaya. Ukimwuliza jaji "una mgongano wowote?" atajibu hapana, na atakuwa mkweli kwa kadiri anavyojiona. Mpe orodha ya kampuni zilizoomba na aweke alama: amewahi kulipwa nayo katika miaka mitatu iliyopita, ana hisa, ana ndugu huko, anashindana nayo. Hiyo ya mwisho husahauliwa zaidi kuliko zote.

Kisha kuna hesabu yenyewe, na hapa tuzo nyingi hupotoka bila mtu kutenda kosa. Chukua majaji watatu na bidhaa mbili. Jaji wa kwanza anaipa X 8 na Y 7. Wa pili vilevile, 8 na 7. Wa tatu anaipa X 3 na Y 9. Ukijumlisha, Y inashinda kwa 23 dhidi ya 19, ingawa majaji wawili kati ya watatu wanaiona X kuwa bora. Jaji anayetumia kipimo chote, toka 1 hadi 10, ana nguvu kuliko anayejibana kati ya 6 na 8. Dawa ni kugeuza alama ziwe nafasi (ya kwanza, ya pili, ya tatu) kabla ya kujumlisha, au kumpa kila jaji mfuko sawa wa pointi. Tuzo ya gari la mwaka la Ulaya, inayotolewa na majarida ya magari tangu 1964, hutumia mfuko: kila jaji ana pointi 25, azigawe kwa magari yasiyopungua matano, gari moja lisipate zaidi ya 10, na nafasi yake ya kwanza isigawanywe. Hakuna anayeweza kuyapindua matokeo peke yake. Upande mwingine, kutumia nafasi peke yake huficha pengo: bidhaa iliyoongoza kwa nywele na iliyoongoza kwa maili huonekana sawa. Amueni njia ya hesabu kabla ya kufungua maombi, na iandikwe.

*Inamfaa nani.* Jarida la bidhaa ghali, kubwa au za kitaalamu mno kupimwa na watu wa ofisini, lililo na uhusiano mzuri na wahandisi na watumiaji wa nje.

Njia ya 3: Vipimo vya maabara

*Inavyokwenda.* Bidhaa za aina moja hupimwa kwa utaratibu mmoja, alama huzidishwa kwa uzito wa kila kigezo, na jumla huamua. Nunua sampuli dukani kimyakimya, kama wanavyofanya jarida la Consumer Reports la Marekani, lililoanzishwa 1936, na Stiftung Warentest ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1964. Sampuli ya mtengenezaji inaweza kuwa imechaguliwa kati ya mia. Kama bajeti hairuhusu kununua zote, nunua walau tatu za juu na urudie vipimo.

Kwa kompyuta mpakato, karatasi ya utaratibu itaje haya kwa uchache: tarehe moja ya kusimamisha masasisho kwa mashine zote, chumba kibaki kati ya nyuzi 21 na 23, skrini ipimwe kwa kifaa na kuwekwa kandela 200 kwa mita mraba, kwa kuwa "asilimia 50" ya mwangaza hutofautiana mno kati ya skrini na skrini, kila kipimo kirudiwe mara tatu na ichukuliwe thamani ya kati. Diski ya SSD ijazwe robo tatu kabla ya kupimwa. Nyingi huandika kwa kasi kwenye sehemu ndogo ya akiba, na diski tupu huipa akiba hiyo nafasi kubwa. Mtumiaji wa miezi sita hataiona kasi hiyo.

*Gharama na muda.* Ndiyo ghali kuliko zote. Mbali na sampuli kuna vifaa vya kupimia vinavyohitaji kusawazishwa kila mwaka, na saa za fundi. Mashine moja yenye vipimo vya betri huchukua siku tatu hadi nne kwa sababu ya kuchaji na kumaliza betri mara tatu.

*Inapoharibika.* Kinachopimika humeza kisichopimika. Kasi ina namba. Ubora wa huduma baada ya kuuza hauna, basi husahaulika. Na namba zenyewe hutegemea uzito uliopangwa na mtu. Kompyuta A ina 90 kwa betri na 60 kwa kasi. B ina 65 na 88. Uzito ukiwa nusu kwa nusu, B inashinda kwa 76.5 dhidi ya 75. Ukiwa 60 kwa 40 upande wa betri, A inashinda kwa 78 dhidi ya 74.2. Hakuna kipimo kilichobadilika. Uzito ukiandikwa baada ya matokeo kuonekana, maabara nzima imekuwa pambo la uamuzi wa mhariri.

Watengenezaji nao hujifunza mtihani. Mwaka 2013 tovuti ya mapitio ya AnandTech ilionyesha kwamba aina moja ya simu ya Samsung Galaxy S4 ilipandisha chipu yake ya picha hadi megahezi 532 ilipotambua programu fulani za kupimia kasi, wakati programu nyingine ziliishia 480. Kinga ya kawaida ni kutumia nakala ya programu ya kupimia yenye jina lililobadilishwa, na kulinganisha na kazi halisi, kama kubadilisha muundo wa video ya dakika 30.

Tofauti ndogo zisitangazwe kuwa ushindi. Marudio matatu ya mashine ileile yakitofautiana kwa asilimia 3, bidhaa mbili zilizopishana kwa asilimia 2 zimetoka sare, na jarida liseme hivyo.

*Inamfaa nani.* Jarida ambalo wasomaji wake hununua kwa wingi bidhaa zinazofanana: kompyuta, skrini, ruta, printa, betri.

Njia ya 4: Kura za wasomaji

*Inavyokwenda.* Wasomaji hupewa orodha, huru au ya mchujo, na wingi wa kura huamua. Kura ifungwe kwa msimbo wa mteja aliyejiandikisha. Kura iliyo wazi kwa kila anwani ya barua pepe ni mwaliko kwa akaunti bandia na kwa meneja wa masoko anayewaambia wafanyakazi 800 wapige kura kabla ya chakula cha mchana.

*Gharama na muda.* Pesa kidogo, wiki nne. Usafishaji wa kura huchukua muda mrefu kuliko upigaji.

*Inapoharibika.* Katika kura ya kawaida, bidhaa iliyouzwa zaidi hushinda kwa sababu ina wenyewe wengi. Badili swali. Uliza "unamiliki ipi?" kisha "ungeinunua tena?" na ulinganishe asilimia. Bidhaa yenye wamiliki 4,000 ambao 2,600 wangeirudia ina asilimia 65. Yenye wamiliki 300 ambao 270 wangeirudia ina 90. Weka idadi ya chini ya wamiliki: wakiwa 30, asilimia 90 inaweza kuyumba kwa pointi 10 hivi juu au chini, wakiwa 100, kwa takriban 6. Chini ya 100 usitangaze.

Hatari kubwa imo ndani ya nyumba. Januari 2014 ilifichuka kwamba klabu ya magari ya Ujerumani, ADAC, ilikuza hesabu za kura za tuzo yake ya Gelber Engel, zilizopigwa na wasomaji wa jarida lake la ADAC Motorwelt. Volkswagen Golf ilitangazwa kuwa na kura 34,299, na za kweli zilikuwa 3,409. Mhariri mkuu akajiuzulu, na watengenezaji wa magari wakarudisha tuzo zao. Kura 3,409 hazikuwa na aibu yoyote. Hesabu ikabidhiwe mtu wa nje ya chumba cha habari, na idadi ya kura ichapwe, hata ikiwa ndogo.

*Inamfaa nani.* Jarida lenye wateja waliojiandikisha kwa maelfu na bidhaa zinazotumika muda mrefu, ambazo uimara wake hauonekani kwa wiki mbili za mapitio.

Uchague vipi, kwa hali yako

Una chumba cha habari chenye watu watatu na huna bajeti ya vifaa: anza na njia ya wahariri, vipengele visizidi sita, na jina la tuzo lisidai kuwakilisha soko zima.

Unaandika juu ya mitambo, programu za mashirika au vifaa vya hospitali: jopo, likiwa na simu kwa wateja wawili wa kila mteule. Simu hizo huangusha wateule wengi kuliko kikao cha majaji.

Wasomaji wako ni wanunuzi wa ofisi wanaoagiza mashine 200 kwa mara moja: maabara, hata kama itabidi upunguze vipengele vibaki viwili. Ongeza kura ya wamiliki kwa ajili ya uimara, lakini itolewe kama tuzo ya pembeni. Ukizichanganya namba za maabara na kura katika jumla moja, hutaweza kumweleza mtu yeyote maana ya jumla hiyo.

Idara ya matangazo inataka kuuza leseni ya nembo: iuze, kwa bei moja kwa washindi wote, iliyotangazwa kabla ya uteuzi, na anayekataa kununua abaki mshindi kurasani. Idadi ya washindi ifungwe kabla mtu wa matangazo hajaona orodha.

Mdhamini wa hafla ana bidhaa kwenye mchujo: mwondoe kwenye udhamini wa kipengele hicho, au ondoa bidhaa yake kwa barua ya wazi kabla ya kura ya kwanza. Mkataba wa udhamini usainiwe ukiwa na kifungu hicho ndani, kwa sababu Septemba hatakubali tena.